Migori hadi Homa Bay: Nunua hedifoni kwa masikio, si kwa macho

MSOMAJI, ikiwa unataka kujua hedifoni zipi zinakufaa, usiridhike na duka tulivu la jijini lenye vioo na kiyoyozi. Katika duka kama hilo kila kitu hulia vizuri. Panda basi la usiku uende Migori, kisha ukate uingie Homa Bay. Njiani utakutana na karibu kila aina ya kelele ambayo binadamu hupambana nayo, na kila kelele itakufunza jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi.

Jambo hili si la mzaha. Hedifoni zisizo na waya, zile zinazosemekana kuzima kelele, zimekuwa ombi la kila mwanafunzi anayejiunga na chuo. Mzazi hukuna kichwa: je, hiki ni chombo cha masomo au ni anasa? Na akiamua kununua, anatoa pesa nyingi kwa kitu asichokijua. Baya zaidi, kitu chenyewe huvaliwa juu ya kiungo ambacho kikiharibika hakina spea. Sikio halilali na njaa, walisema wahenga, lakini hawakutuambia kwamba linaweza kuvimbiwa.

Basi funga mkanda, twende.

Ngurumo ya basi

Mabasi ya Migori huteremka Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, yakapita Narok na Bomet hadi Kisii, halafu Rongo na Awendo. Ni safari ya takriban kilomita 370. Ukiondoka Nairobi jioni, alfajiri yaweza kukukuta ungali kitini, na usiku kucha injini imekuwa ikinguruma sauti moja nzito isiyobadilika. Ukishuka unahisi kichwa kizito, nawe wadhani ni kukosa usingizi tu. Sehemu ya uchovu huo ni ile ngurumo.

Hapa ndipo hedifoni za kuzima kelele huonyesha ubingwa wao. Namna zinavyofanya kazi ni rahisi kueleza kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama ufuoni. Sauti ni mawimbi ya hewa, kama yale ya ziwa. Wimbi lina kilele na bonde. Mawimbi mawili yakikutana hivi kwamba kilele cha moja kinaingia katika bonde la jingine, maji hutulia. Ndani ya hedifoni mna maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, na kitambo chenye akili ya kompyuta hutengeneza wimbi lililo kinyume chake. Mawili hayo yakigongana sikioni mwako, ngurumo hufifia.

Wazo hili si geni. Mjerumani aitwaye Paul Lueg alipewa hataza nchini Marekani mwaka wa 1936. Mhandisi Mmarekani Amar Bose alilishughulikia tangu mwaka wa 1978, baada ya kusafiri kwa ndege kutoka Ulaya na kuona jinsi mvumo wa injini ulivyofunika muziki. Kampuni yake ilianza kuuza za marubani mwaka wa 1989, na mwaka wa 2000 zikaja za msafiri wa kawaida.

Kumbuka asili hiyo, msomaji, kwa maana ndiyo funguo ya kuchagua. Zilibuniwa kupambana na injini. Zinaweza kelele nzito, ya chini, isiyokatika: basi, ndege, feni, jenereta. Lakini mtoto akilia kiti cha nyuma, utamsikia. Muuza dawa akisimama Narok kusifu mizizi yake, utamsikia pia, ingawa kwa mbali. Sauti kali na za ghafla hubadilika upesi mno kwa kile kitambo kuzikamata zote.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Ni kampuni gani?" Swali la kwanza ni "Ni kelele gani inayonisumbua?" Ukiwa mtu wa basi kila mwisho wa mwezi, au unasoma karibu na jenereta, pesa zako zitafanya kazi. Kama kinachokukera ni maneno ya mwenzako bwenini, soma kwanza hadi tufike stendi ya Migori.

Sony ya Awendo na Sony ya dukani

Kabla ya Migori utapita Awendo, penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Ukitaja Sony hapa, mtu atadhani unazungumzia sukari, maana kiwanda hicho huitwa Sony kwa kufupisha South Nyanza, jina la zamani la eneo hili. Hakihusiani hata chembe na Sony ya Japani.

Kichekesho hicho kina funzo. Jina halifanyi kitu kuwa kile unachodhani. Katika vibanda vya simu kuanzia Rongo hadi mpakani Isebania utaona maboksi yenye majina makubwa ya dunia, na herufi zimechapwa vizuri hasa. Piga hesabu yako mwenyewe. Hedifoni za Sony aina ya WH-1000XM5 zilipotoka mwaka wa 2022 ziliuzwa Marekani takriban dola 400. Hata bei ikishuka vipi kwa miaka, na hata muuzaji akiwa na moyo wa dhahabu, hawezi kukuuzia hizo hizo kwa shilingi 2,500 na bado apate faida.

Hii haimaanishi kwamba cha bei ya chini ni takataka. Zipo kampuni zisizo na jina kubwa zinazouza hedifoni halali, zenye kuzima kelele kwa kiasi cha kuridhisha, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Afadhali ununue kitu cha kawaida chenye jina lake la kweli, risiti na dhamana, kuliko bandia iliyovaa jina la mwenyewe. Kitu cha kawaida kikiharibika una mtu wa kumrudishia. Bandia haina mwenyewe.

Kelele za stendi

Sasa umefika Migori. Barabara kuu hupita katikati ya mji ikielekea Isebania, na ng'ambo ya mpaka ni Sirari, Tanzania. Malori ya mizigo, matatu, bodaboda, makanga wanaoita abiria, mhubiri mwenye kipaza sauti, duka linalocheza ohangla ili kuvuta wateja: vyote vinazungumza kwa wakati mmoja, kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka.

Vaa hedifoni hapa bila muziki na uwashe kile kizima kelele. Injini za malori zitazama. Makanga hatazama. Dhidi ya sauti zake kinachosaidia zaidi ni kitu cha kale kabisa: kuziba. Sponji za hedifoni kubwa zikizunguka sikio lote bila kuacha upenyo, au mpira wa zile ndogo ukikaa sawasawa ndani ya tundu, sauti za watu hupungua. Ndiyo sababu hedifoni zinazofaa huja na mipira ya saizi tatu au zaidi. Watu wengi hutumia ile iliyokuja imevishwa, kisha hulalamika kwamba wameibiwa. Jaribu zote. Usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia.

Mvaa miwani naye awe macho. Mkono wa miwani huinua sponji, na kwa upenyo huo kelele yote hurudi. Nenda dukani ukiwa na miwani yako.

Kuna mtego mwingine wa kuepuka. Kwenye maboksi mengi ya bei nafuu utaona herufi ENC zimeandikwa kwa wino mnono. Mnunuzi anayeharakisha huona "kuzima kelele" akalipa. Herufi hizo huhusu maikrofoni ya kuzungumzia: zinamsaidia unayempigia simu asisikie vurugu iliyo upande wako. Masikio yako hayapati faida yoyote. Unayotaka ni ANC. Hizo herufi tatu mbili zimewapotezea watu wengi pesa zao.

Usiamini boksi peke yake hata likiwa na herufi hizo. Stendi imejaa vipimo vya bure. Mwambie muuzaji mtoke naye hadi karibu na jenereta au kisiagi cha unga. Vaa, usiweke wimbo wowote, washa kizima kelele, kisha kizime, kisha ukiwashe tena. Kama ni cha kweli utahisi mngurumo ukiondoka na kurudi kama mtu anayefunga na kufungua mlango. Kama huoni tofauti, hakuna kitu humo ndani. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio la dakika mbili.

Masikio ya Nyatike

Kutoka Migori ukielekea upande wa ziwa utaingia Nyatike, nchi ya dhahabu. Mgodi wa Macalder ulichimbwa enzi za ukoloni ukafungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo hawajaacha kushuka mashimoni. Utawajua kwa sauti kabla ya kuwaona: vinu vya kusaga mawe hunguruma na kugonga, chuma kwa jiwe. Kijana anayelisha kinu huzungumza kwa kupiga kelele hata akiwa mezani, kwa kuwa amezoea.

Hapa nakuomba msomaji tutulie kidogo. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno ambavyo hupokea mitikisiko ya sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kali huvilaza. Vikipumzishwa mapema vyaweza kuinuka. Vikipigwa kila siku hufa, na vikifa havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Kanuni za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane katika siku moja. Mwajiri anapaswa kupunguza kelele hiyo au kutoa vikinga masikio. Hedifoni za muziki, hata ziwe za bei gani, si kikinga cha kazini. Hazikupimwa kwa kazi hiyo, na hazishughulikii mgongo wa ghafla wa chuma kwa jiwe. Ukiwa na ndugu kwenye kinu, mpelekee vikinga halisi vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya kazi. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na hedifoni, na yatakuwa mapenzi makubwa zaidi.

Na wewe mwanafunzi, usimcheke kijana wa kinu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja ulimwenguni wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu. Kipimo cha shirika hilo ni rahisi: desibeli 80 unaweza kusikiliza kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa hizo hushuka zikawa nne tu kwa wiki nzima. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 20.

Sasa utaona faida ya kweli ya kizima kelele, ambayo matangazo hayaisemi vya kutosha. Mtu aliye ndani ya basi na hedifoni za kawaida hupandisha muziki hadi ushinde injini. Anapigana kelele kwa kelele. Aliye na kizima kelele huondoa injini kwanza, kisha husikiliza kwa sauti ya chini. Akiweka sauti kwenye asilimia 60 au chini yake, amekaa salama. Lakini akiondoa injini na bado akapandisha muziki hadi mwisho, amenunua kwa pesa nyingi njia ya starehe ya kujiharibu. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa methali hiyo haina fumbo hata kidogo.

Kimya cha Thimlich Ohinga

Ndani ya Nyatike hiyo hiyo, takriban kilomita 46 kutoka mji wa Migori, kuna Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kuta nyingine zikizidi kimo cha watu wawili. Yaaminika yalijengwa karne ya 16, na mwaka wa 2018 UNESCO iliyatia katika orodha ya turathi za dunia. Walioyajenga walijua kupanga jiwe juu ya jiwe hata adui na mnyama wasipenye.

Pana kimya pale. Upepo katika miti, njiwa, kengele ya ng'ombe mbali. Washa hedifoni zako kwa dakika moja tu bila muziki, kwa sababu mahali penye kelele hutaweza kugundua kasoro hii: zilizotengenezwa ovyo hutoa mlio wa "sss" usiokoma, kama sufuria inayoanza kuchemka. Wengine huhisi pia shinikizo sikioni, kama katika mteremko wa Mai Mahiu. Kwa wengi hisia hiyo huzoeleka, lakini wapo wanaoumwa kichwa. Kama ni wewe, bora ujue kabla ya kulipa.

Halafu zivue. Hujaja mpaka hapa kusikiliza hedifoni.

Homa Bay: betri, jasho na barabara

Ukipita Mirogi, Ndhiwa na Rodi Kopany utateremka hadi Homa Bay, mji ulio kando ya ghuba ya Winam, mlima Asego ukiulinda kwa nyuma. Hapa kuna mbuta, ngege na omena, kuna mashua zinazorudi asubuhi, na kuna joto.

Joto ni jambo la kufikiria. Hedifoni kubwa za kufunika sikio hutoa jasho kwenye sponji, na sponji za ngozi bandia zikilowa kila siku hupasuka na kuambuka. Uliza kama spea zake hupatikana. Zile ndogo za kutia tunduni hazileti joto, hutoshea mfukoni, ila hupotea upesi, na ukipoteza moja umepoteza pesa zote. Kama utakuwa ukikimbia au kufanya mazoezi nazo, tafuta maandishi ya IPX4 au zaidi, yaani zinastahimili jasho na matone ya maji.

Kuhusu betri, hedifoni kubwa hushinda kwa mbali. Hizo za Sony nilizotaja hudumu takriban saa 30 kizima kelele kikiwa kimewashwa. Vidogo vya tunduni mara nyingi hudumu kati ya saa nne na nane, kisha hurudishwa katika kikasha chake vichajiwe. Kwa nyumba ambapo stima hupotea bila taarifa, au bweni lenye soketi moja kwa watu wanane, tofauti hiyo si ndogo. Hakikisha pia zinachajiwa kwa waya ule ule wa simu yako, na kwamba zina tundu la waya wa muziki ili betri ikiisha zisigeuke pambo.

Ukijaribu ubora wa sauti, usikubali wimbo wa muuzaji. Amechagua ule unaotetema zaidi. Weka benga unayoijua vizuri, kwa mfano ya D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa pili wa mpaka na kufariki mwaka wa 2006. Katika benga gitaa la besi hutembea na gitaa jembamba hujibu. Au weka nyatiti, yenye nyuzi nane. Hedifoni nzuri zitakuonyesha kila uzi mahali pake. Mbaya zitafunika yote kwa mdundo mzito kama blanketi.

Jambo la mwisho la Homa Bay ni barabara. Bodaboda ni nyingi, na utawaona waendeshaji na hata wanaotembea kwa miguu wakiwa wameziba masikio yote mawili. Honi ya lori ni onyo la mwisho unalopewa. Ukiwa barabarani, vua. Hedifoni nyingi siku hizi zina kitufe cha kuruhusu sauti za nje kuingia kupitia zile zile maikrofoni. Mzazi anayemnunulia mtoto asikubali kuondoka dukani kabla mtoto hajaonyesha kwamba anajua kitufe hicho kilipo.

Bibi wa Simbi

Ukifuata barabara ya kwenda Kisumu utafika Kendu Bay, na karibu yake kuna ziwa dogo la kijani lililo katika shimo la volkeno, liitwalo Simbi Nyaima. Wenyeji wana hadithi juu yake. Zamani hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa kwenye sherehe, pombe na ngoma zimepamba moto, akaja ajuza aliyechoka akiomba mahali pa kujisitiri. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemsikia na kumhurumia, naye akaambiwa aondoke haraka. Mvua ikanyesha, na kijiji kikazama pamoja na ngoma zake.

Wataalamu wa miamba watakuambia habari nyingine, na wako sahihi. Lakini simama ukingoni ufikirie nyumba yako. Baba ana hedifoni, dada ana hedifoni, kitinda mimba naye anadai zake. Shosho anabisha mlangoni.

Kwa hiyo nunua, msomaji, ikiwa kelele inayokusumbua ni ile inayozimika. Pima kando ya jenereta, soma herufi vizuri, dai risiti, weka sauti chini. Kisha uwekeni sheria moja ya nyumbani: mezani na mlangoni, masikio yabaki wazi.